HUZUNI ISIYOONDOKA NI UGONJWA, NAO UNATIBIKA

Mkulima hodari akipita shambani akaona mahindi yake yamepauka na kudumaa, hasemi, "Mahindi haya ni mavivu." Huinama, akageuza jani, akatazama shina, akachimba kidogo ili aone mizizi. Akishindwa kujua, humwita Bwana Shamba. Ajua kwamba mmea haudhoofiki bila sababu. Lakini mkulima huyo huyo akirudi nyumbani akamkuta mkewe, au kijana wake, au ndugu yake, amejilaza tangu asubuhi, hali, hasemi na watu, hataki hata kuota jua, husema upesi, "Huyu ni mvivu," au "Huyu amerogwa," au "Huyu ajifanya." Mahindi yapata haki ambayo mtu haipati.

Mwezi huu twataka kuzungumza nawe juu ya ugonjwa huo. Katika vitabu huitwa sonona, na wengine huuita unyogovu, mitaani watu husema tu, "Ana mawazo," au "Awaza sana." Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wanao. Si ugonjwa wa Wazungu, wala wa matajiri, wala wa watu waliopungukiwa na imani. Wawapata maskini na wenye mali, wasomi na wasiosoma, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume.

KWA NINI KIBERA NA KAWANGWARE

Huenda ukauliza, gazeti la wakulima lina haja gani na mitaa ya Nairobi? Jibu ni kwamba ni vigumu kupata kijiji ambacho hakina mtoto wake huko. Huyu yuko Laini Saba au Gatwekera, katika Kibera. Yule yuko Gatina, au karibu na steji ya 46, Kawangware. Mahindi ya shambani kwako hupakiwa kwenye basi yakaenda kwao, na fedha za karo hutoka kwao zikaja kwako kwa simu. Mmoja akiugua, nyumba mbili huumia.

Na maisha ya huko wayajua, au umeyasikia. Familia nzima katika chumba kimoja cha mabati; kodi inayodaiwa kila mwezi, mvua au jua; maji ya kununua kwa mtungi; kibarua cha leo kisichojua kesho. Mwezi wa Julai 2018 maelfu ya watu wa Kibera waliona nyumba zao zikibomolewa ili kupisha barabara. Mizigo ya namna hiyo haiishii mabegani, yaingia moyoni.

Tena aliyetoka mashambani huona haya kusema. Nyumbani wamhesabu kuwa ndiye tegemeo. Akipigiwa simu hujibu, "Sisi wazima." Neno hilo, Ndugu Msomaji, yafaa ulisikilize vizuri.

Iko sababu ya pili. Katika mitaa hiyo hiyo yamejaribiwa mambo juu ya ugonjwa huu ambayo yaweza kutufaa sisi sote, hata tulio mbali na mji. Tutayaeleza hapa chini.

DALILI ZAKE

Kwanza tutenganishe. Kila huzuni si ugonjwa. Aliyefiwa hulia, aliyepoteza ng'ombe husononeka, aliyefutwa kazi hukosa usingizi. Hiyo ni huzuni ya binadamu, na kwa kawaida hupungua polepole, na mtu huendelea na shughuli zake. Sonona ni huzuni iliyokaa ikakataa kuondoka. Humshika mtu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, ikamzuia kufanya kazi na kuishi na wenzake.

Madaktari hutazama mambo tisa:

1. Huzuni, au utupu moyoni, au kukata tamaa.
2. Kutofurahia tena mambo aliyoyapenda, kama vile mpira, kwaya, au kuzungumza na rafiki.
3. Kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi.
4. Kuchoka daima, hata kama hakufanya kazi.
5. Kukosa hamu ya chakula na kukonda, au kula kupita kiasi.
6. Kujilaumu na kujiona hana thamani.
7. Kushindwa kutuliza akili katika jambo moja, na kusahau.
8. Kwenda na kusema polepole mno, au kuhangaika asiweze kutulia.
9. Kuwaza kwamba ni heri afe, au kwamba ajidhuru.

Mtu akiwa na dalili tano au zaidi kwa majuma mawili, na mojawapo ni ile ya kwanza au ya pili, yafaa aende akatazamwe. Lakini hiyo ya tisa, hata ikiwa peke yake, isingojwe hata siku moja.

Jihadhari na jambo hili. Wengi wetu hatusemi, "Nina huzuni." Twasema, "Kichwa chauma, moyo wapiga mbio, mgongo wawaka, mwili hauna nguvu." Mgonjwa hupimwa malaria, akapimwa tena homa ya matumbo, akapewa vidonge akarudi nyumbani vile vile. Mwanamume naye mara nyingi haonyeshi machozi. Huonyesha hasira, na kutafuta chang'aa ili alale. Watu wamwona mlevi, wala hawaoni kilichomtangulia kwenye ulevi. Na mama aliyejifungua karibuni, akiwa analia kila siku wala hamfurahii mtoto wake, asiambiwe kwamba hana shukrani; huyo pia yawezekana ni mgonjwa.

UNATOKA WAPI

Hauna chanzo kimoja. Wengine wana udhaifu wake katika ukoo, kama vile kisukari kinavyoonekana katika ukoo. Wengine huupata baada ya msiba, deni, kukosa kazi, au kupigwa na mume. Magonjwa ya kudumu huufuata, na pombe huukuza. Mara nyingi mambo haya hukutana, kama vile ukame na wadudu wanavyoweza kukuta shamba moja katika msimu mmoja.

Ugonjwa una hila yake pia. Mtu akihuzunika huacha kutoka nje. Akiacha kutoka hukosa rafiki na kazi. Akikosa hivyo huzuni yazidi, na ikizidi hujifungia zaidi. Ni gurudumu linalozunguka. Kazi yote ya matibabu ni kulisimamisha gurudumu hilo mahali fulani.

YALIYOONEKANA DAGORETTI NA KIBERA

Nairobi madaktari wa akili ni wachache, na mashambani ni wachache zaidi. Basi watu wakauliza: je, jirani aliyefundishwa hawezi kusaidia?

Mwaka 2015 jambo hilo lilijaribiwa upande wa Dagoretti, ambako Kawangware iko. Wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, ambao wengi wao walikuwa wamewahi kutendewa ukatili, waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili. Fungu moja walipelekwa kwa wauguzi wa zahanati, kama ilivyo desturi. Fungu la pili walitembelewa na wahudumu wa afya wa mtaani. Hao hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa wakazi waliofunzwa kazi hiyo. Kila mwanamke alikutana na mhudumu wake mara tano tu, akifundishwa namna ya kukabili shida zake. Baada ya miezi mitatu, waliofundishwa na majirani walikuwa wamepata nafuu zaidi kuliko wale wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Huko Kibera walijaribu kwa vijana. Wanafunzi 51 wa shule moja ya sekondari, wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi, waligawanywa vivyo hivyo. Baadhi yao walikutana kwa vikundi mara nne, saa moja kila juma, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni. Walizungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu aweza kukua na kubadilika, kwamba yafaa kushukuru kwa yaliyo mema, na kwamba kila mmoja aishike njia anayoithamini. Mpango huo waitwa Shamiri, neno ambalo mkulima halihitaji kufasiriwa. Vijana hao walipata nafuu kuliko wenzao waliofundishwa namna ya kusoma tu, na hata alama zao za darasani zilipanda. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2020.

Usidhani ni mambo ya mjini peke yake. Katika vijiji 30 vya wakulima wa Rakai na Masaka, nchini Uganda, mwaka 2002, wagonjwa wa vijiji vingine waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana kila juma kwa majuma 16 kuzungumza juu ya misiba na magomvi yao. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na ugonjwa. Mwishoni walibaki 6 au 7 tu. Katika vijiji visivyopata vikundi walipungua kutoka 94 hadi 55 hivi. Na huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa "kufungisisa", maana yake kuwaza kupita kiasi. Kumbe jina hilo na letu ni ndugu.

MAMBO MANNE UNAYOWEZA KUYAANZA LEO

Wale wanawake wa Dagoretti walifundishwa mambo manne. Hayahitaji fedha wala mashine. Yatazame moja moja.

La kwanza, kupumua polepole. Keti vizuri, legeza mabega, weka mkono tumboni. Vuta pumzi taratibu ukihesabu mpaka tatu, tumbo likijaa kama puto. Kisha itoe taratibu ukihesabu mpaka tatu. Fanya hivyo dakika chache, asubuhi na jioni, na kila moyo uanzapo kwenda mbio. Jizoeze wakati umetulia, ili ujue kazi hiyo wakati wa dhiki.

La pili, kuigawa shida. Mwenye sonona huona shida zake zote kama mlima mmoja. Chukua karatasi, au umwombe mtu akuandikie, uzitaje moja moja. Kisha ziweke mafungu matatu: zinazoweza kutatuliwa, zisizoweza, na zisizo na maana sana. Chagua moja ndogo katika lile fungu la kwanza. Tuseme yuko mama mmoja muuza sukuma wiki Kawangware, mwenye deni la kodi la miezi miwili, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na dada mgonjwa kule kwao. Zote kwa siku moja zitamlemea. Lakini juma hili aweza kwenda kwa mwenye nyumba kabla hajafuatwa, akamweleza atakavyolipa kidogo kidogo. Likipata njia hilo, atashika la pili.

La tatu, kuanza kutenda hata kabla ya kujisikia. Mgonjwa husema, "Nitatoka nikipata nguvu." Lakini nguvu huja baada ya kutoka, si kabla. Basi anza na jambo dogo sana: leo kuoga na kufagia mlangoni, kesho kutembea mpaka dukani, kesho kutwa kumtembelea rafiki. Panga siku na saa, ili jambo lisiachiwe hamu. Hapa mkulima ana bahati, kwa maana kazi yake imejaa mambo madogo yanayoonekana. Hata Kibera, pasipo na shamba, watu hupanda sukuma wiki na spinachi katika magunia yaliyojazwa udongo, mawe yakiwekwa katikati ili maji yapenye. Kazi hiyo ilienea sana tangu mwaka 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, ili kuleta mboga jikoni. Hatusemi kwamba gunia la mboga laponya sonona. Twasema kwamba mtu aliyejifungia, akiwa na gunia moja la kumwagilia maji asubuhi, ana sababu moja ya kufungua mlango.

La nne, kutafuta watu. Chagua mtu mmoja unayemwamini umwambie hali yako kwa maneno wazi. Rudi kwenye chama chako, kwaya yako, au kikundi cha akina mama. Ukiona vigumu kusema mengi, sema hili tu: "Siku hizi si mzima, nahitaji mtu wa kuketi naye."

UKIWA MZAZI AU JIRANI

Labda mgonjwa si wewe. Labda ni mwanao aliyeko Kibera, nawe uko shambani. Haya hapa mazungumzo ya mfano kati ya mzee na kijana wake:

"Habari ya huko, mwanangu?"

"Nzuri, Baba. Sisi wazima."

"Namshukuru Mungu. Lakini mama yako asema sauti yako imebadilika. Walala usiku?"

"Silali vizuri, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ile kazi ya mjengo iishe."

"Pole, mwanangu. Leo sikupiga kwa ajili ya fedha. Nimepiga nikuulize habari zako wewe. Nieleze."

Tazama alivyofanya mzee huyo. Hakusema, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Hakumtajia wenzake waliojenga nyumba. Hakumtolea mahubiri. Aliuliza juu ya usingizi, jambo lisilo na aibu, ndipo mlango ukafunguka. Kisha alitoa mzigo wa fedha katikati, maana alijua ndio uliomfanya kijana anyamaze. Akimaliza kusikiliza, ampigie pia binamu au mtu wa kwao anayeishi karibu, aende kumwona, amsindikize zahanati. Mwenye sonona huambiwa "nenda hospitali" asiende. Akiambiwa "twende", huenda.

Sala na wazee wa kanisa au msikiti wana faida yao, kwa maana humpa mgonjwa watu na tumaini. Lakini visimzuie mtu kwenda hospitali. Na kumfunga mgonjwa kamba, au kumpiga ili atoke uvivu, ni ukatili, wala hakujamponya mtu.

WAKATI WA HATARI

Ukisikia mtu akisema maisha hayana maana, au akigawa vitu vyake, au akiaga watu bila safari, usipuuze. Muulize waziwazi, kwa upole: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Si kweli, humpunguzia upweke. Akikubali, usimwache peke yake. Dawa za shambani, na kila kitu cha hatari, viondolewe nyumbani au vifungiwe kwa jirani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kina simu ya bure, namba 1199, ambako utapata ushauri.

Wala usiogope polisi. Zamani sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, chapingana na Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, ahitaji daktari.

HOSPITALINI

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, ukawaeleze dalili zote, si kichwa tu. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini. Muulize wa mtaa wako akuonyeshe njia. Wakazi wa Kibera wanayo Hospitali ya Mbagathi karibu. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910, hupokea wagonjwa wazito zaidi. Kwenda Mathari si aibu, kama vile si aibu kwenda kuungwa mfupa.

Daktari aweza kukupa dawa. Zifahamu mapema. Hazifanyi kazi kwa siku moja kama dawa ya kichwa. Huchukua majuma kadhaa, na wengi huziacha katika juma la pili wakidhani ni bure. Mkulima hang'oi mahindi kwa sababu hayakuzaa katika juma la pili. Ukipata nafuu, usiache kuzimeza bila kuambiwa na daktari, maana mara nyingi hutakiwa ziendelee kwa miezi kadhaa ili ugonjwa usirudi. Usizichanganye na pombe. Na ukiona zakusumbua, rudi ukaseme, ili zibadilishwe.

Basi, Ndugu Msomaji, jioni ya leo fanya jambo moja. Fikiri ni nani katika jamaa zako ambaye siku hizi amekuwa kimya: aliyeacha kupiga simu, au aliyeacha kuja barazani, au aliye papo hapo nyumbani mwako lakini moyo wake hauko. Mpigie, au nenda ukaketi naye. Muulize kama alala usiku. Kisha nyamaza, umsikilize.

Na ikiwa mtu huyo ni wewe unayesoma maneno haya, jua kwamba ugonjwa huu una jina, una dalili, na una matibabu; na wengi walioupata huko Kibera, Dagoretti na Masaka walipata nafuu. Mwambie mtu mmoja kabla hujalala.